Mpelelezi wa Shamba la Juu

Juzi, stendi ya Mugumu, nilinunua karanga, na mama muuzaji akanifungia kwa ukurasa uliochanwa kitabuni. Nilipozimaliza nikaukunjua niusome, maana mimi karatasi hainipiti hivihivi. Ulieleza habari za rais fulani wa nchi ya mbali aliyempa kila waziri siri yake tofauti, kisha akakaa kusubiri ipi itavuja, ajue nani hana kifua. Ukurasa ulinuka mafuta ya taa na mavi ya panya. Basi langu lilipiga honi mara mbili, utingo akaniita kwa jina la mzigo wangu, "Wewe wa kapu la kijani!", nami nikabaki nimeshika kile kipande mpaka likaondoka.

Harufu hiyo naifahamu tangu nina miaka kumi, kule Kerende, wakati dhahabu imepamba moto.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wa Nyamongo mtakumbuka. Asubuhi tuliamshwa na nyundo kabla ya jogoo, wanawake wakiponda mawe mbele ya nyumba zao, na vumbi lake likiingia mpaka kwenye uji. Watu walikuja kutoka Shinyanga, kutoka Geita, kutoka Migori ng'ambo ya mpaka, wakalala popote penye bati. Sisi wenyeji tulilima mihogo yetu huku macho yetu yakiwa ardhini, tukilishuku kila jiwe. Mgeni ndiye aliyeshukiwa zaidi. Ilisemekana kuna kampuni itakuja kuchukua eneo lote, na kwamba imekwisha kutanguliza wapelelezi waandike maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ni mangapi na mashamba ya nani yana mwamba wa dhahabu. Ukivaa viatu safi, mpelelezi. Ukiuliza njia, mpelelezi. Fundi cherehani mmoja kutoka Sirari alipigwa makofi sokoni kwa kosa la kukutwa na futi ya kupimia shingoni.

Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, Mama na mimi. Kwa asiyetujua Wakurya nieleze kidogo. Bibi alifiwa na mume kabla hajapata mtoto wa kiume, na kwa desturi yetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, aje azae watoto kwa jina la nyumba yake isipotee. Tunaita nyumba ntobhu. Ndivyo Mama alivyoingia katika boma lile. Mwanaume atakayemzalisha hatajwi wala hadai, mtoto ni wa nyumba. Akijitokeza siku moja kusema "huyu ni wangu", basi nyumba inavunjika, ng'ombe wanarudishwa, mama anafungashiwa virago arudi kwao, na mtoto anabaki akivutwa huku na huku. Mimi nilikuwa mtoto wa Bibi, na sikuona pengo lolote la kuuliza.

Niseme mapema ili msidhani nawaficha kitu. Mtu nitakayewasimulia, yule niliyemfukuzisha Kerende kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiye aliyenizaa. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijui.

Nilichokijua ni siri ya shamba la juu. Siku moja Mama aling'oa shina la muhogo, na jiwe lililotoka na mizizi lilikuwa na mstari unaong'aa. Bibi alilitemea mate, akalipangusa kwa kitenge, akalitazama muda mrefu, kisha akalirudisha shimoni. Tukafukia, tukapanda viazi vitamu juu yake siku hiyohiyo. "Atakayelitaja nje ya boma hili nitamlaani," alisema, na laana ya Bibi haikuwa ya kuchezea. Kuanzia hapo nililala na kuamka na lile jiwe kichwani. Nilihisi kila mpita njia anatazama viazi vyetu.

Mama ndiye aliyenituma kwa Afande. Redio ya Bibi ilikuwa imekufa, Mama akanifungia kwenye kanga na kuniambia niipeleke kwa yule fundi wa ng'ambo ya kilima, anayetengeneza na tochi za wachimbaji. "Mwambie imetoka kwenu," alisema. "Na usimpigie Bibi kelele za fundi gani." Leo nikilikumbuka agizo hilo nashangaa jinsi nilivyolipita bila kulikagua, mimi niliyejiona mjanja wa kijiji.

Alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, mwenye kovu shingoni chini ya sikio. Alipigana vita vya Uganda, akaacha jeshi, na watu hawakumwita kwa jina lingine ila Afande. Kibanda chake kilikuwa cha mabati matupu. Upande mmoja tochi zimepangwa zikisubiri wenyewe watoke mashimoni, upande wa pili sanduku la bati limejaa vitabu. Alivipangusa majalada kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili mchwa wasivisogelee, ndiyo maana kibanda kizima kilinuka kama kibatari.

"Shikamoo, Afande. Hivi vyote vinahusu nini?"

"Marahaba. Vita," alisema. Akafikiri kidogo. "Na waongo."

Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Alisoma sentensi kimya, kisha akaniambia kwa Kiswahili, bisibisi ikiwa mkononi. Siku ile redio ilichukua saa nzima kupona, na nilipoondoka nilikuwa nimemwacha kiongozi mmoja wa vita ndani ya handaki, mji unaungua juu yake, naye ananyoa ndevu taratibu ili watumishi wamwone ananyoa. Sikuweza kuvumilia. Kesho yake nilirudi bila redio. Nikawa narudi kila nikitoka shule, na nyumbani nasema nilikuwa kisimani, foleni ndefu.

Sijawahi tena kusoma kwa raha ile. Afande hakunihadithia kama mtoto. Alinisimamisha katikati na kuniuliza ningefanyaje mimi. Wanajeshi wako wako ng'ambo ya mto na daraja limevunjwa, unawaambia ukweli au unawadanganya? Kuhusu marais alikuwa na lake: "Bunduki hata mjinga anazo. Rais anakushinda kwa kujua jambo siku moja kabla yako." Nikamwambia basi Bibi yangu ni rais, akacheka mpaka akaangusha skrubu, tukaitafuta wote chini ya meza. Majasusi ndio niliowapenda zaidi. Kulikuwa na mwanamke aliyeuza maua mbele ya kambi, akihesabu magari kwa idadi ya mashada.

"Jasusi mzuri haulizi swali kubwa," Afande alisema. "Anauliza madogo mia."

Ndipo nilipoanza kuyasikia madogo yake. Bibi bado anaamka kabla ya jogoo? Mihogo mmevuna? Ile ya shamba la juu, au ya bondeni? Wewe shuleni unakaa mbele au nyuma? Nilijibu matatu manne bila kufikiri. Halafu siku moja, akipuliza vumbi ndani ya tochi, akasema bila kuniangalia, "Na mama yako, bado anakunywa chai bila sukari?"

Mama yangu hakuwahi kuja kibandani pale. Fundi wa tochi amejuaje chai ya Mama? Nilisema ndiyo, nikaaga, na njia nzima nikawa nageuka nyuma. Kumbe yule mwanamke wa maua nilikuwa nakaa naye kila siku, na kwa siku zote hizo mimi ndiye niliyekuwa nampa mashada.

Nikaamua kumpeleleza mpelelezi. Vitabu vyake vilikuwa vimenifundisha namna. Jumamosi nilijilaza katikati ya mihogo, sisimizi wakinitafuna magoti, na jua lilipopanda nikamwona anakuja peke yake kwa njia ya mbuzi. Akafika kwenye kona ya shamba la juu, akasimama, akaanza kutembea kwa hatua zilizo sawasawa, midomo inahesabu. Akamaliza upande mmoja, akatoa daftari mfuko wa nyuma, akaandika. Upande wa pili vivyo hivyo. Alipofika kwenye viazi akachuchumaa, akachota udongo, akausugua kiganjani. Nilitaka kupiga kelele, na nilitaka pia kulia, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Jumatatu yake mchimbaji mmoja alimwita Afande nje ya kibanda wabishane kuhusu balbu. Nililivuta lile daftari chini ya maboksi ya betri, nikalisukuma ndani ya sweta la shule, nikaondoka mbio.

Bibi hakujua kusoma. Nilimsomea nimesimama, yeye ameketi kwenye kigoda anachambua mtama, Mama yuko mlangoni na ungo. Kurasa za mwanzo zilikuwa shamba. Hatua themanini na nne kwa sitini, mteremko kuelekea kijito, udongo mwekundu, mawe meupe chini ya viazi. Bibi aliacha kuchambua. Kurasa za nyuma zilikuwa mimi. "Darasa la nne. Anakaa dirishani. Jino la mbele limeota, limepinda kidogo. Hapendi maziwa ya mgando. Anaogopa fisi, anasema haogopi. Anasoma kwa sauti hata akiwa peke yake. Mwendo wa mama yake." Nilijua hilo ni nini. Kwenye vitabu, kila mtu anayekusudiwa kutekwa anaandikiwa faili.

"Bibi, ni wa kampuni," nilisema. "Anataka kuniteka ili mtoe shamba."

Bibi aligusa shingo yake chini ya sikio. "Huyo mtu, ana kovu hapa?"

"Ndiyo."

Akamgeukia Mama. "Ulijua yuko hapa?"

Mama akasema, "Nilijua," akaukumbatia ungo kifuani. Mimi nikadhani anaogopa kampuni.

Jumapili baada ya kanisa wazee walikaa kikao uani kwetu, iritongo kama tunavyokiita, kinachoamua mambo ambayo watu hawapendi yafike polisi. Viti viliazimwa kwa majirani. Afande aliletwa na vijana wawili, ingawa hakuwa anakataa kuja. Nikaambiwa nisome. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, nikasimama katikati na kusoma kwa sauti kubwa niliyofundishwa na mwenye daftari. Nilipofika kwenye jino wazee wakacheka. Nilipofika kwenye mawe meupe chini ya viazi hakuna aliyecheka, na hapo Bibi akafumba macho, kwa kuwa siri yake nilikuwa nimeitangaza mimi mwenyewe mbele ya watu arobaini.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kwikwi. "Mura," akamwambia Afande, kama wazee wetu wanavyomwita kijana, "shamba la watu umelipima la nini?"

"Nilipima tu, mzee."

"Watu hawapimi tu. Sasa sikiliza vizuri, tutakuuliza mara moja. Katika nyumba hii una kitu unachodai? Kama unacho, kitaje hapa, tuanze kuhesabu ng'ombe wa mama huyu, na binti wa watu arudi kwao leo."

Afande alimtazama Mama. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikamkazia macho kama kiongozi wa vita, sikupepesa. Nilitaka akiri. Niliomba akiri, ili kila mtu ajue nani alimkamata.

"Sidai kitu," alisema.

"Na mtoto huyu?"

"Ni wa nyumba hii."

"Na daftari?"

"Ujinga wangu, mzee."

Waliamua aondoke Kerende kabla jua halijazama na asikanyage tena. Bibi alilitupa daftari kwenye moto wa kupikia, nikaona ukurasa wa jino langu unajikunja. Afande alitoka kwa hatua zilezile zilizo sawa, hakuomba hata aage. Watu walinipongeza. Mzee mmoja alinipa pipi ya kijiti na kuniita mwanajeshi wetu. Niliilamba yote.

Sanduku la vitabu hakuwahi kulifuata. Jirani wa kibanda alivigeuza vifungashio, na kwa wiki nyingi nilinunua karanga na maandazi ndani ya marais na majenerali, kila ukurasa na harufu yake. Mama hakunisemesha mpaka mihogo ya bondeni ilipoisha kuvunwa. Alinipa chakula, alinisuka nywele, ila maneno hakunipa. Nilihesabu kwamba ananionea wivu kwa kuokoa shamba. Mtoto anayejiona na akili ana ujinga wake wa pekee.

Shamba lenyewe halikuokoka. Baada ya siri kutangazwa kikaoni, wachimbaji walilivamia kabla ya mvua za kwanza, wakatoboa kila mahali, na mwamba ukaishia kimo cha mtu mmoja tu chini. Tulibaki na mashimo yasiyolimika. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, na tulipomaliza matanga Mama alikaa na mimi tukipeta ulezi, akaniambia bila kuinua uso.

"Yule uliyemsomea wazee daftari lake."

"Yule mpelelezi?"

"Yule ndiye aliyekuzaa. Mimi ndiye niliyemwambia aje akuone. Nilikutuma na redio."

Ninakumbuka nilichojibu, na nakionea haya mpaka leo. Sikulia. Nilisema, "Alikuja lini? Kabla ya jiwe kuonekana au baada?" Mama aliinua uso wakati huo. Akasema, "Baada," kisha akaendelea kupeta.

Neno hilo lilinila miaka. Kama angekuja kabla, ningemlilia kama mtu analilia mzazi wake. Lakini alikuja baada, akiwa na hatua zake na udongo kiganjani. Usiku wa mawazo nilimtetea, asubuhi nikamshitaki. Angedai, Mama angefukuzwa. Hakudai, kwa hiyo alitulinda. Au hakudai kwa kuwa siri ya mawe ilikwisha kutoka na hapakuwa na cha kupata tena. Kila nilipomsafisha nilikuta doa lingine. Niliwashuku hivyo hivyo wanaume waliokuja kunichumbia, na mmoja alikuwa mtu mwema kabisa.

Nilipoajiriwa kufundisha Mugumu, nikasikia kwa watu kwamba kuna mzee fundi wa redio Mbalibali, aliyekuwa mwanajeshi. Nilikaa na habari hiyo muhula mzima. Likizo ilipofika nikaenda. Nilimkuta nje ya nyumba yake, ana miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, mke wake anaanika mtama kwenye turubai. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nadhani ni ule mwendo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, mwalimu." Sikuwa nimemwambia kwamba ni mwalimu.

Tulikunywa chai. Niliuliza swali langu likiwa kubwa na tupu, bila kulikata vipande. Ulikuja Kerende kwa ajili ya shamba au kwa ajili yangu?

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Nilikuja kwa ajili ya shamba," alisema. "Mama yako alinitumia salamu kwamba umekua, nije nikuone. Katika salamu hizo akataja na jiwe. Miaka kumi sikuja, mwalimu. Niliposikia jiwe nikaja. Halafu ukaanza kuja kusoma, na shamba nikawa nakwenda kulipima ili nijikumbushe kilichonileta."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Mtu mwongo angesema alinijia mimi tu. Lakini mwongo hodari anajua kwamba ungamo dogo huficha kubwa, hilo nililisoma kwake. Akaona ninavyomtazama.

"Unanichunguza," alisema.

"Ndiyo."

"Sawa. Mimi ndiye niliyekufundisha. Chunguza tu."

Tangu hapo naenda Mbalibali kila likizo. Simwiti baba, kwa kuwa kwa desturi yetu si baba, naye hajawahi kuliomba jina hilo. Tunazungumza habari za mvua, za redio, za watoto wangu wa darasani. Halafu kabla ya kuondoka namwuliza lile swali kwa namna nyingine. Nani alileta zile salamu? Ulivaa nini siku unafika? Ni siku gani hasa ulipoacha kulitaka shamba? Nangojea maelezo yapishane na ya mara iliyopita, maana mtu anayesema uongo husahau alichosema. Ananijibu kila mara kwa uvumilivu, kama anaulizwa kwa mara ya kwanza. Bado hayajapishana.

Likizo hii iliyopita nilimkuta amedhoofika, kikohozi hakimwachi. Nikakaa naye, nikamnywesha uji, nikaona siyo siku ya mahojiano. Nikaaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani, bodaboda ameshawasha pikipiki, nikasikia mtu ananiita. Mjukuu wake wa kike, miaka sita hivi, anakimbia peku katikati ya mtama, anahema.

"Babu anasema leo hujamuuliza," alisema. "Anasema anakungoja."